Huko Hawaulizi Mara ya Tatu

Jumamosi, 5 Aprili

Theluji tena. Aprili hii! Nimeifukua kwa koleo kutoka mlango wa nyumba mpaka mlango wa sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke, nikiitukana kwa Kifini. Theluji ya Alder Point Kiingereza haikiogopi.

Habari yenyewe ni Senja. Mjukuu wangu, binti wa Carl, majibu yake ya vyuo yamekamilika. Anataka kuwa mwanasheria, na si tangu jana. Lakini sheria hawamfundishi mtu mpaka kwanza akae chuoni miaka minne akisoma kitu kingine — chochote, hata habari za vipepeo — ndipo aombe shule ya sheria. Ni kama kumnywesha mgeni supu miaka minne ndipo umwonyeshe nyama. Mimi shule niliiacha darasa la tisa nikaingia msituni kukata magogo, kwa hiyo sina la kusema. Nitalisema hivyo hivyo.

Vimebaki vyuo viwili. Kestle, chuo cha jimbo, saa moja na nusu kwa gari. Wanamsomesha bure, na Jumamosi anaweza kuja nyumbani kuoga. Cha pili ni Wexcombe, huko mashariki, siku mbili barabarani. Kikongwe, kina jina, majaji wametoka huko makundi kwa makundi. Wamemkubali, watamlipia nusu, nusu nyingine akope. Mwisho wa kujibu ni tarehe mosi Mei.

Jioni sauna, mimi na Carl benchi la juu. Wanaume kwanza, wanawake baadaye, kama kawaida. Carl kayamwagia mawe ya moto maji, mvuke ukapanda, akasema, "Wexcombe." Nikanyamaza. Baada ya muda akamwaga tena, akasema, "Ila mbali." Kwa mtu wa ukoo wa Haapala hiyo ni hotuba.

Mkwe wangu Denise anataka Kestle, na anasema waziwazi, asubuhi na jioni. Damu yake ya Wafaransa wa Kanada. Hana breki.

Baadaye Onni Luoma kapita kuazima msumeno. Denise kamkaribisha kahawa. Onni: la, nimetoka kunywa. Kamkaribisha tena. Onni: hapana, usijisumbue. Mara ya tatu — neno halijamtoka Denise mdomoni, Onni alishaketi. Vikombe vitatu na nusu ya mkate wa iliki. Ndivyo tulivyo. Anayepokea mara ya kwanza ni mlafi. Mara ya pili ana njaa. Mara ya tatu, huyo ana mama aliyemlea. Senja alilijua hilo kabla hajaota meno ya mbele. Denise kaolewa huku miaka ishirini na bado anasema tunamchosha.

Jumatatu, 7 Aprili

Asubuhi, kahawa pale kituo cha mafuta. Wazee wenzangu wote wamekuwa mabingwa wa vyuo vikuu. Onni kashauri mtoto aseme ndiyo kwa vyote viwili, kisha achague mwezi wa nane akili ikishatulia. Nikamwambia shule za sheria huchunguza tabia ya mtu. Sikujua kama ni kweli ila nililisema kwa sauti ya kujua. Onni akauliza, tangu lini uongo ukamharibia mwanasheria? Nikamwambia uongo nao asubiri kwanza ausomee.

Mwalimu mshauri wa shuleni, Bwana Brandt, kamvuruga mtoto. Kasema anayetaka sheria sharti achague chuo chenye somo linaloitwa Maandalizi ya Sheria. Kestle halipo. Wexcombe halipo. Kampa kijitabu cha chuo cha tatu, ambacho kinalo. Jalada lina picha ya msichana kashika mizani na anacheka. Nani hucheka akiwa na mizani mkononi? Muuza samaki peke yake.

Senja karudi kimya. Kimya ni kawaida yake, lakini hiki kilikuwa cha aina nyingine.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekwenda kwa Bernadette Trudell, wakili wetu, ofisi yake iko juu ya duka la misumari na rangi. Nilimwambia nimekuja kuandika wosia. Akauliza wosia wa nini, wa ile boti inayovuja? Mwanamke ana ulimi. Nampenda.

Nikamweleza jambo lenyewe. Akacheka mpaka akavua miwani. Hayo Maandalizi ya Sheria, akasema, shule za sheria hazina habari nayo. Yeye chuoni alisoma muziki. Tromboni! Miaka minne anapuliza bomba, halafu akawa wakili. (Nikamwambia tofauti siioni.) Wanachotazama zaidi ni alama za ile miaka minne na mtihani wa kuingilia. Jina la chuo linasaidia, lakini si kama wenye jina wanavyodai. Asome anachokipenda, maana hapo ndipo mtu hupata alama nzuri. Asome vitabu vigumu, aandike mpaka mkono uume. Na asifike shule ya sheria akiwa na deni mgongoni, kwa sababu huko ndiko deni lenyewe linakomngoja.

Basi ni Kestle, nikasema. Nikainuka.

Akaniambia nikae. Akauliza kama mtoto huzungumza.

Nikamkumbusha kesi yangu. Mwaka juzi jirani mpya kutoka Chicago, Pruitt, alinishtaki kwenye baraza la mji kwamba natoka sauna uchi na kugaagaa kwenye theluji. Ni kweli. Baba yangu aligaagaa, babu yangu aligaagaa. Senja, msichana wa miaka kumi na sita, akasimama na kanuni za mji mkononi. Akasoma: kosa ni kuonekana kutoka barabarani. Akasoma kimo cha ua wangu. Kwa kimo hicho, akasema, Bwana Pruitt hakuweza kuniona ila awe amepanda ngazi. Mwenyekiti akamuuliza Pruitt kama alipanda ngazi. Ukumbi ukavunjika kwa kicheko na mimi nikaachiwa.

Bernadette alikuwepo, anakumbuka. Akasema, "Alisoma kwenye karatasi, Reino. Alisoma vizuri. Hakuna aliyempinga. Siku atakayokatizwa je?"

Anasema kule shule ya sheria mwalimu hukuita kwa jina, anakupinga mbele ya darasa zima mpaka jasho likutoke. Mahakamani vilevile. Mtoto aende mahali atakapozoea kupingwa. Mahali gani hasa, hakusema. Wakili! Anakuuzia nusu ya jibu.

Nimemweleza Senja yote. La tromboni lilimfurahisha. La kukatizwa alilisikia, akatazama dirishani. Kijitabu cha mizani nimewashia jiko la sauna.

Jumapili, 13 Aprili

Kesho safari ya kukitazama hicho Wexcombe. Carl, Senja na mimi. Sikualikwa. Nimelitupa begi langu garini na hakuna aliyethubutu kulishusha.

Denise kafunga samaki wa moshi wa kulisha kikosi. Kanisani mchungaji kawaombea wasafiri, akanitazama mimi.

Jumatano, 16 Aprili. Hoteli ya barabarani, tukirudi

Niandike kabla sijasahau, ingawa sitasahau.

Wexcombe ni matofali mekundu na nyasi. Nyasi! Kwao theluji imekwisha mwezi mzima. Wanafunzi wamelala juani kama sili. Nilimuuliza kijana mmoja anasomea nini, akasema bado anajitafuta. Nikamwambia nimemwona, yuko hapa.

Wakaturuhusu kuingia darasani. Swali la siku: mtu anazama ziwani, wewe una kamba, hujamsukuma wewe — je, sheria iweze kukulazimisha umrushie? Kwetu hilo si swali. Unarusha, halafu ndiyo unauliza ni mjinga gani aliyekwenda kuvua samaki barafu ikiwa nyembamba. Lakini hawa! Walilirukia kama shakwe kwenye utumbo wa samaki. Huyu anamkatiza huyu, yule anamkatiza yule, mwalimu — mwanamama mdogo, kwa kimo angenifika kifuani — anazunguka akichochea. Hakuna aliyekasirika. Ndicho kilichonishangaza. Kwetu watu wakisemana hivyo hawaonani miaka kumi.

Senja kaninong'oneza: mtu akilazimishwa kurusha, je, aliyerusha vibaya naye ashtakiwe? Basi kila mtu ataficha kamba yake. Nikamwambia sema. Akatikisa kichwa. Baada ya muda mvulana wa mbele akasema jambo lile lile, kwa maneno mengi zaidi na mabaya zaidi, na mwalimu akalisifu. Masikio ya Senja yakawa mekundu. Lakini nilimtazama uso. Alikuwa kama mtu mwenye njaa aliyesimama nje ya dirisha la mwokaji.

Kisha ofisi ya Bi Prentiss, anayeshughulika na wanaoomba kujiunga. Mwanamke mwema, niseme kweli. Kumbe Senja aliwaandikia insha ya ile kesi ya theluji. Bi Prentiss akauliza huyo babu bado yu hai? Nikasimama nikainama. Nilivaa nguo zote.

Akavuta droo, akatoa faili. Akaeleza. Wana mpango wa wanafunzi wachache wanaoelekea sheria. Kila kiangazi wanakaa mahakamani na jaji, na chuo kinabeba gharama zote mpaka wamalize. Kulikuwa hakuna nafasi, sasa moja imerudi, msichana mmoja kajitoa. Akamgeukia Senja. "Ungependa nikupendekeze?"

Senja akasema, "Oh, hapana. Lazima wapo wanaoihitaji zaidi."

"Una uhakika?"

"Ndiyo, msijisumbue kwa ajili yangu."

Nilijaa fahari. Tukakaa. Sote watatu. Carl mikono magotini. Mimi nilishaanza kutabasamu kuipokea ile ya tatu. Senja kainua kidevu kidogo, yuko tayari, ndiyo yake iko kwenye ncha ya ulimi, nilikuwa naiona. Bi Prentiss akatutazama mmoja mmoja. Akatazama saa ya ukutani. Akasema mtoto ana moyo wa ukarimu ambao si wa kawaida siku hizi. Akafunga droo. Akasimama, akatupa mkono.

Tulikuwa nje kwenye nyasi kabla sijaelewa kilichotokea.

Msomi mzima, jengo zima la matofali, na hakuna aliyemfundisha kukaribisha mgeni!

Hakuna aliyesema neno garini mpaka tukavuka jimbo zima. Ndipo Senja, kiti cha nyuma: "Hakuuliza tena."

"Hapana," akasema Carl.

Mimi nikacheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka mpaka nikakohoa, mpaka Carl akapunguza mwendo. Halafu nikamwona kwenye kioo. Analia bila sauti, kama mke wangu, bibi yake, alivyolia, anatazama mbele tu. Nikanyamaza.

Carl kasema tunaweza kupiga simu. Senja kasema hapana. Huwezi kukataa chakula mezani kisha ukaenda kugonga mlango wa jikoni. Hayo ni maneno ya bibi yake, mpaka mtetemo wa sauti.

Jumamosi, 19 Aprili

Nyumbani. Denise kaambiwa. Kaweka mwiko chini polepole.

"Watu wazima watatu," akasema, "na kila mmoja ana kinywa chake."

Carl kajitetea: "Alikuwa hajamaliza kuuliza."

Sijawahi kumwona Denise akikosa maneno. Yalimrudia upesi. Mwenyewe ni mtu wa Kestle tangu Januari, lakini sasa kageuka kabisa. Anasema mtoto wake akikikosa chuo kile, akikose kwa sababu ya maana, si kwa sababu ya kahawa. Carl kasema haikuwa kahawa. Heri angenyamaza.

Senja kasema atawaandikia Kestle kwamba anakuja. Kasema kwa utulivu. Utulivu ule siupendi. Lakini sina wasiwasi, huyu ni damu yangu, na damu yangu haizami.

Jumanne, 22 Aprili

Nimefanya jambo. Nadhani ni zuri.

Nyumba ilikuwa tupu. Nimepiga simu Wexcombe. Nimesema ni wakili wa Bi Senja Haapala, naitwa Bwana Tromboni — lilinitoka lenyewe — na kwamba mteja wangu alisema hapana mbili tu, na kwa mila za watu wake hapana mbili si jibu, ni salamu. Kijana aliyepokea simu aliandika yote. Akaniuliza namba ya leseni yangu. Nikampa ya kuvulia samaki.

Jumatano, 23 Aprili

Si zuri.

Bi Prentiss kapiga nyumbani, Denise kapokea. Kauliza kwa upole kama mtoto kweli ameajiri wakili. Kasema pia kwamba hawezi kujadili mambo ya Senja na mtu mwingine yeyote, si wakili, si babu. Senja akiwa na neno, aseme mwenyewe.

Carl akaenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa. Denise katumia Kifaransa.

Senja: mlango tu, taratibu. Afadhali angeubamiza.

Ijumaa, 25 Aprili

Hanisemeshi. Kaniwekea kahawa mezani bila kunikaribisha hata mara moja. Nikainywa.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo ni siku ya kuandikwa!

Nilikuwa nyuma ya sauna napanga kuni. Senja kaja, mikono mifukoni. Kasema nimemwaibisha, nimefanya watu wamwone kichekesho, na sikumuuliza. Ni kweli yote. Nikaona nikikubali atageuka aondoke, yaishie hapo. Kwa hiyo sikukubali. Nikamwambia hata hivyo haina maana, Kestle ni bora, hata wakili Trudell kasema: alama na deni. Atapata alama za juu kabisa, hatakuwa na deni, Jumamosi anaoga. Anataka nini tena?

Akasema si hivyo tu. Nikamwuliza ni nini tena. Akaanza, nikamkatiza. Akaanza tena, nikamkatiza tena, nikasema yule mvulana wa kamba anaongea ovyo, mwalimu wao ana kimo cha kuku, na kule kote hakuna sauna. Uso wake ukaanza kuiva.

"Babu, usinikatize."

Nikaweka gogo chini.

Akasema Kestle ni chuo kizuri na hatamruhusu mtu akidharau. Lakini anajijua. Kestle atakaa kiti cha nyuma, ataandika insha nzuri, atapewa alama za juu, na miaka minne hakuna atakayemlazimisha kufungua mdomo, kwa sababu nusu ya darasa ni watu kama sisi. Kisha atafika shule ya sheria, ataitwa jina, na atasimama pale kama mlingoti. Pale Wexcombe aliogopa. Ilikuwa mara ya kwanza aogope na bado atamani kubaki.

Nikamwambia hofu hailipi deni.

Akasema ndiyo, na ndiyo sababu hatakopa. Alishapiga hesabu. Bila ile nafasi ya Bi Prentiss, anakwenda Kestle, na hatalia, atatafuta huko huko mtu wa kumpinga, hata kama ni lazima amlipe. "Lakini sitaki kwenda Kestle kwa sababu tu nilikaa kimya. Nikienda, niende kwa kuwa nimechagua."

Tulibishana mpaka Carl akatoka kuuliza kama sauna imepoa. Ilikuwa imepoa. Mara tatu alinishinda, mara moja nilimshinda, na hata hiyo nahisi alinionea huruma. Hajui kama alibishana. Anadhani alikuwa ananigombeza.

Mwisho nikamwuliza: maneno mazuri hayo, mbona umeziambia kuni?

Kaniita mzee mbaya. Kaondoka. Lakini kaondoka haraka haraka, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Jumatatu, 28 Aprili

Kapiga simu, ikaanza kuita, kakata. Kapiga tena. Kakata. Kasema laini ni mbovu.

Onni kapita. Kasema kwa nini asiende tu chuo cha urubani, kule marubani hawaulizwi chochote. Nikamfukuza. Denise hakumkaribisha kahawa hata mara moja na mtu wa watu kasimama mlangoni anasubiri kama farasi.

Jumanne, 29 Aprili

Leo alitaka kupiga, chafya ikamshika. Halafu akasafisha friji yote.

Nimemwambia Carl asimguse, asimsemeshe. Carl kasema alikuwa hana mpango huo. Ni kweli, hana mpango huo tangu azaliwe.

Jumatano, 30 Aprili

Kesho ni mosi Mei. Ofisi ya Wexcombe inafungwa saa kumi na moja jioni.

Senja karudi kutoka shule, hajavua koti, hajavua viatu, tope la theluji mpaka katikati ya jikoni. Mama yake hakusema kitu — muujiza wa kwanza wa leo. Kachukua simu. Mimi niko mezani na kalamu, najifanya naandika vya kununua dukani. Ninayaandika haya haya.

Imeita. Hakukata.

Kajitaja jina lote. Kamwomba radhi Bi Prentiss kwa wakili wake. (Huko wamecheka, nimesikia.) Kisha kasema: "Uliniuliza kama naitaka ile nafasi, nikasema hapana. Haikuwa kweli. Naitaka." Hivyo hivyo, bila kuzunguka. Denise kashika ukingo wa sinki. Carl, aliyekuwa anaingia na kuni, kasimama nusu ndani, nusu nje, baridi yote inatupiga.

Bi Prentiss anaongea kwa muda. Uso wa Senja unashuka. Nimeelewa kabla hajarudia: nafasi imekwenda, wamempa mvulana aliyefuata kwenye orodha.

Basi, nikajiambia. Kasema, kakataliwa, atashukuru, ataaga. Ndivyo tungefanya sote humu ndani.

Senja kauliza, "Ameshasema ndiyo?"

Bado. Ana mpaka kesho.

"Na akisema hapana, anafuata nani?"

Bi Prentiss anaeleza jambo refu kuhusu utaratibu. Senja kasikiliza. Kauliza utaratibu huo umeandikwa mahali, au ni mazoea? Kauliza nani anaamua. Kasema angependa kuzungumza naye, leo, kama hatamsumbua. Halafu akajirekebisha mwenyewe: hata kama atamsumbua.

Wamemweka asubiri. Kuna muziki. Senja katazama ukutani. Hakuna aliyemsogelea. Carl kafunga mlango kwa kisigino.

Sasa kuna mwanamume upande wa pili, huyo anayeamua. Sauti nene, ya haraka, imezoea kusikilizwa. Senja kaanza, yule mwanamume kamkatiza. Kaanza tena, kamkatiza tena. Nimeona shingo ya Senja ikipanda wekundu, kama siku ile ya kuni. Nikaiacha kalamu.

Alimngoja mpaka akafika mwisho wa pumzi. "Nimekusikia," akasema. "Sasa naomba na mimi nimalize."

Akaendelea. Yote aliyomwambia siwezi kuyaandika kwa kasi ile. Katika maneno yake kuna mahakama. Kuna Kestle — kamwambia waziwazi kwamba Kestle wanamtaka na atakwenda kwa furaha, na kwamba hilo si tisho, ni habari tu. Kuna swali lile la kamba, na kwa nini hakulisema darasani, na nini kingetokea kama angelisema. Mwanamume kamkatiza tena hapo katikati, kwa swali. Senja kalijibu. Kaulizwa jingine. Kalijibu hilo pia, na akamrudishia la kwake.

Saa kumi na moja imepita. Huko hakuna aliyekata simu.

Carl haliwezi tena jambo hili. Kamfanyia ishara ya mkono, polepole, kama mtu anayetuliza farasi: imetosha, waage. Senja kamwona. Kamtikisia kichwa. Kavuta kiti kwa mguu, kaketi, na simu ikiwa begani kavua kiatu kimoja, kisha cha pili, na bado anaongea.